Mbwa Hakufugwa kwa Fimbo

Miezi michache iliyopita nilialikwa kutoa mada katika semina ya watumishi wa umma. Sitaitaja taasisi iliyoandaa wala mji ilikofanyika, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza lingeweza kutokea popote. Wakati wa majadiliano, ofisa mmoja mwandamizi alisimama akasema kwamba nidhamu kazini imeshuka kwa sababu tumeacha fimbo. Kisha akatoa mfano. "Hata mbwa alikuwa mnyama wa porini," alisema. "Binadamu alimpiga mpaka akatii, ndipo akawa mlinzi wa nyumba. Mtumishi naye ni hivyo hivyo." Ukumbi ulicheka, na baadhi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi meza ya mbele, kipaza sauti kikiwa mkononi. Nilitabasamu, nikaendelea na mada yangu.

Tabasamu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Nilijua kwamba historia aliyoieleza ofisa yule si ya kweli. Nilijua pia kwamba hoja aliyoijenga juu yake haiwezi kusimama. Nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyetia saini barua ya mwaliko wangu. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Ni mnyama gani aliyefugwa?

Tuanze na jina, kwa kuwa lugha yetu yenyewe inaweza kutupotosha. Kiswahili hutumia neno "mbwa mwitu" kwa wanyama wawili. Wa kwanza ni yule wa Afrika, mwenye mabaka na masikio makubwa ya mviringo, ambaye bado anaonekana katika Hifadhi za Taifa za Nyerere na Ruaha. Wa pili ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, tunayekutana naye katika hadithi zilizotafsiriwa. Hawa si ndugu wa karibu. Mbwa mwitu wa Afrika ana vidole vinne katika kila mguu wa mbele, ilhali mbwa wa nyumbani ana vitano, na ukoo wake ulitengana na ule wa mbwa mwitu wa kijivu mamilioni ya miaka iliyopita. Mbwa wote wa nyumbani, kuanzia mbwa koko wa Kariakoo hadi mbwa wa polisi, wametokana na mbwa mwitu wa kijivu.

Jambo hilo halikuwa wazi tangu mwanzo. Charles Darwin alidhani kwamba mbwa walitokana na spishi kadhaa za porini. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwahi kuandika kwamba mbwa wengi walitokana na bweha, kisha akaliacha wazo hilo. Uchunguzi wa DNA ndio uliomaliza ubishi. Mwaka 2022 jopo la watafiti lilichapisha uchunguzi wa DNA ya mbwa mwitu 72 wa kale, walioishi katika nyakati mbalimbali za miaka 100,000 iliyopita. Mbwa wa leo walionekana kuwa karibu zaidi na mbwa mwitu wa kale wa Asia kuliko wale wa Ulaya, ingawa kundi halisi lililowazaa halikupatikana miongoni mwa mifupa hiyo. Hapa kwetu Afrika mbwa walikuja wakiwa tayari wamefugwa. Walifuatana na watu kutoka Mashariki ya Kati, na damu yao bado inaonyesha asili hiyo.

Kuhusu wakati, ushahidi mmoja unafaa kukumbukwa. Mwaka 1914 wachimba mawe wa Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao kulikuwa na mabaki ya mbwa mchanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulisoma alama zilizobaki katika meno yake. Mbwa huyo alikufa akiwa na umri wa miezi saba hivi, baada ya kuugua kwa majuma kadhaa ugonjwa ambao yaelekea ulikuwa distempa. Mbwa mwenye ugonjwa huo huharisha, hutapika na kudhoofika. Bila mtu wa kumpa maji, kumpasha joto na kumsafisha, asingedumu muda wote huo. Kwa hiyo watu wale, katika baridi ya mwisho wa enzi ya barafu, walimuuguza mnyama asiyeweza kuwinda wala kulinda, na alipokufa wakamzika pamoja na watu wao.

Kaburi jingine lipo Ain Mallaha, kaskazini mwa Israeli, la miaka 12,000 hivi iliyopita. Humo alilazwa mtu, mkono wake ukiwa umewekwa juu ya mtoto wa mbwa. Mifupa haiwezi kutueleza yote yaliyokuwa moyoni mwa watu wa kale. Hata hivyo, mwenye kudai kwamba uhusiano huu ulianzishwa kwa kipigo ana kazi ya kuyaeleza makaburi haya mawili.

Mkono mtupu na pori lililo wazi

Je, mnyama hatari kama huyo alifikaje kwenye moto wa binadamu? Wataalamu wanabishana. Wapo wanaosema kwamba wawindaji waliokota watoto wa mbwa mwitu wakawalea. Wapo wanaosema kwamba mbwa mwitu walijileta wenyewe. Watetezi maarufu wa wazo hili la pili, Raymond na Lorna Coppinger wa Marekani, waliandika kitabu mwaka 2001, na moja ya sehemu zilizowapa mwanga ni kisiwa chetu cha Pemba. Huko walikuta mbwa wanaoishi pembezoni mwa vijiji kwa kula mabaki na taka. Wenyeji wengi, wakiwa Waislamu wanaochunga tohara, hawakuwa na mazoea ya kuwashika wala kuwaingiza ndani. Sote tunaijua methali isemayo ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Hata hivyo, mbwa wale walikuwepo, walizaana, na walijua kuishi na watu bila kufundishwa na yeyote.

Akina Coppinger walihitimisha kwamba siri ilikuwa katika umbali. Kila mnyama wa porini ana umbali ambao binadamu akiuvuka, mnyama hukimbia. Anayekimbia mapema hukosa chakula. Anayevumilia kidogo hula zaidi, huishi zaidi na huzaa zaidi. Nadharia hii ina tatizo moja kubwa: mbwa ni wakongwe kuliko kilimo na kuliko vijiji vyenye majalala. Kwa hiyo jalala la Pemba haliwezi kueleza mwanzo wote, na pengine tunapaswa kufikiria kambi za wawindaji na mabaki ya nyama zao.

Hata hivyo, nadharia zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo ofisa wetu alilisahau. Kambi ya wawindaji haikuwa na ukuta, uzio wala mnyororo wa chuma. Mbwa mwitu aliyepigwa leo angeondoka usiku huohuo, na pori lilikuwa hatua chache kutoka motoni. Fimbo hutawala pale tu ambapo anayepigwa hana pa kwenda. Aliyebaki kambini alibaki kwa sababu kubaki kulimfaa, na watu nao walimwacha kwa sababu hakuwadhuru.

Kuna hoja ya pili, nzito zaidi. Tuseme mbwa mwitu mmoja alipigwa na kweli akatii. Watoto wake wangezaliwa wakiwa mbwa mwitu kamili, na kazi ingeanza upya. Kipigo huweza kumbadili mnyama mmoja, lakini hakipiti tumboni. Ili kizazi kibadilike, lazima kuwe na uteuzi: nani anabaki na kuzaa, na nani anaondoka.

Kigoda cha babu

Babu yangu mzaa baba, kule milimani Uluguru, alilijua hilo bila kusoma kitabu. Alikuwa na mbwa jike aliyeitwa Tutaona. Jina lilikuwa ujumbe kwa jirani aliyekuwa akigombea naye mpaka wa shamba. Tutaona alilinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, na alikula tulichokula sisi: ugali uliobaki na ukoko wa sufuria. Baadaye nilijifunza kwamba hata tumbo lake lilikuwa na historia. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga, ilhali mbwa wa nyumbani anaweza kuwa nazo kuanzia nne hadi thelathini. Binadamu alipoanza kulima nafaka, mbwa naye alibadilika ili aweze kuishi kwa sahani ya mkulima.

Tutaona alipozaa, babu alisubiri mpaka watoto waanze kutembea vizuri. Kisha aliketi kwenye kigoda uani, akanyoosha mkono wenye tonge la ugali, akatulia. Aliyekuja kunusa mkono ndiye aliyebaki nyumbani. Aliyejificha nyuma ya kinu, au aliyekuja akauma, hakuwekwa. Nilimuuliza kwa nini hampigi mkaidi mpaka azoee. Alinijibu, "Ukimpiga atajifunza kitu kimoja tu, mahali fimbo inapokaa."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma habari za mwanasayansi wa Siberia aliyefanya kwa hesabu na daftari kile ambacho babu alikifanya kwa kigoda. Habari hiyo ni ya wanyama, lakini ni ya siasa vilevile.

Mbweha wa Siberia

Katika Umoja wa Kisovieti wa Stalin, elimu ya jenetiki iligeuzwa kuwa kosa. Mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko alifundisha kwamba urithi wa mimea na wanyama hubadilishwa na mazingira. Kwamba mbegu ikikomazwa kwa baridi, vizazi vyake vitarithi ukomavu huo. Jeni, kwake, zilikuwa uzushi wa mabepari. Mafundisho hayo yaliwapendeza watawala, kwa maana yaliahidi matokeo ya haraka. Waliopinga waliumia. Nikolai Vavilov, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mimea duniani, aliyefika hata Ethiopia kukusanya mbegu, alikamatwa mwaka 1940 akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Mwezi Agosti 1948 mafundisho ya Lysenko yalitangazwa rasmi kuwa ndiyo sayansi pekee inayokubalika katika biolojia.

Dmitry Belyaev alikuwa mwanajenetiki kijana wa wakati huo. Kaka yake Nikolai, naye mwanajenetiki, alikuwa amepigwa risasi mwaka 1937. Mwaka 1948 Belyaev mwenyewe aliondolewa katika uongozi wa idara yake huko Moscow. Miaka kumi baadaye alihamia Novosibirsk, maelfu ya kilomita kutoka makao makuu ya nchi, na mwaka 1959 akaanza jaribio lake pamoja na Lyudmila Trut. Lysenko bado alikuwa na nguvu. Kwa hiyo mbele ya wakubwa mradi ulielezwa kuwa ni utafiti wa fiziolojia ya wanyama wa manyoya. Undani wake ulikuwa swali kuhusu asili ya mbwa: je, mnyama wa porini akichaguliwa kwa upole peke yake, vizazi vyake vitabadilika namna gani?

Walianza na mbweha wa rangi ya fedha wapatao 130, waliotoka katika mashamba ya manyoya. Kila kizazi kilipimwa kwa utaratibu mmoja. Mtafiti alimkaribia mtoto wa mbweha, akampa chakula kwa mkono na kujaribu kumgusa. Hakupigwa, wala hakufundishwa. Muda wa kukaa na watu uliwekewa mipaka makusudi, ili upole utakaoonekana usiwe tunda la malezi. Wapole kuliko wote, isiyozidi asilimia 5 ya madume na takriban asilimia 20 ya majike, ndio walioruhusiwa kuzaa.

Katika kizazi cha nne alionekana mbweha wa kwanza aliyemtikisia binadamu mkia. Katika kizazi cha sita walitokea waliolia wakitaka kushikwa na kulamba mikono ya watafiti. Katika kizazi cha kumi, asilimia 18 walikuwa wa daraja hilo la juu la upole. Katika cha ishirini, asilimia 35. Homoni za mfadhaiko zilipungua katika damu yao. Baadhi walizaliwa na mabaka meupe, mikia iliyojikunja, na masikio yaliyolala kwa muda mrefu kuliko kawaida. Watafiti walitengeneza pia ukoo wa pili kwa kuchagua wakali. Hata mimba ya ukoo mmoja ilipopandikizwa katika tumbo la ukoo mwingine, mtoto alifuata tabia ya waliomzaa, si ya aliyembeba na kumnyonyesha.

Ni haki kueleza pia mipaka ya jaribio hili. Mwaka 2019 watafiti wengine walikumbusha kwamba asili ya mbweha wale ilikuwa mashamba ya Kanada, kwenye kisiwa cha Prince Edward, ambako ufugaji wa manyoya ulianza mwishoni mwa karne ya 19. Hawakuwa wanyama waliotoka porini moja kwa moja, na baadhi ya mabaka yale yalikuwepo kabla ya Belyaev. Hivyo madai kwamba upole peke yake huleta masikio yaliyolala na mikia iliyopinda yanahitaji tahadhari. Lakini badiliko la tabia halikupingwa. Uteuzi wa vizazi vichache ulifanya kazi ambayo fimbo isingeweza kuifanya kwa karne nyingi.

Tazama sasa kejeli ya historia. Ofisa wa semina yetu, bila kujua, alikuwa akihubiri nadharia ya Lysenko: kwamba kiumbe akikomazwa kwa shida, watoto wake watarithi ukomavu huo. Ni kosa lilelile, na watawala walilipenda kwa sababu ileile. Linawaahidi kwamba nguvu inatosha.

Kizimba na pori

Kuna hadithi nyingine inayopendwa na wapenda amri: kwamba kila kundi la mbwa mwitu lina dume mmoja mbabe anayewatisha wengine, kwa hiyo ubabe ni sheria ya maumbile. Wazo hili lilikua kutokana na kazi ya Rudolf Schenkel, aliyechapisha mwaka 1947 aliyoyaona kwa mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamefungiwa pamoja katika eneo finyu, bila mahali pa kukimbilia. Walipigana, wakapangana kwa madaraja.

David Mech wa Marekani alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye, kuanzia mwaka 1986, alikaa na mbwa mwitu huru wa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akaona mambo mengine. Kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao wa miaka kadhaa. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Vijana wakikomaa huondoka kuanzisha familia zao. Mwaka 1999 Mech aliandika wazi kwamba lugha ya ubabe ilipotosha, na akamwomba mchapishaji aache kukitoa kitabu chake mwenyewe. Ni wasomi wangapi kati yetu wenye ujasiri wa namna hiyo?

Mbwa mwitu wetu wa Afrika naye ana la kusema. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Okavango, Botswana, walieleza kwamba kundi linapojikusanya kabla ya kwenda kuwinda, wanyama hawa hupiga chafya, na kadiri chafya zinavyoongezeka ndivyo safari inavyoelekea kuanza. Mkubwa wa kundi akianzisha wito, chafya tatu hivi hutosha. Wa chini akianzisha, huhitajika kama kumi. Usawa kamili haupo hapo, lakini wa chini anaweza kuanzisha safari, akipata wa kumuunga mkono.

Mbwa wa nyumbani je? Nchini Austria, katika kituo cha Ernstbrunn, mbwa mwitu na mbwa wamelelewa kwa namna moja ili walinganishwe. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya jaribio ambamo wawili wawili waliwekewa chakula. Kwa mbwa mwitu, hata wa daraja la chini alithubutu kula pamoja na mkubwa na kumfokea. Kwa mbwa, wa chini alijitenga na kumwachia mkubwa. Watafiti wa Budapest, Hungaria, walikuwa wameonyesha jambo jingine mwaka 2003. Mbwa na mbwa mwitu waliolelewa na watu walipewa chakula wasichoweza kukifikia. Mbwa mwitu waliendelea kuhangaika na chombo chenyewe. Mbwa walihangaika kidogo, kisha wakageuka kuutazama uso wa binadamu.

Mimi humpenda mbwa kwa kule kugeuka. Ndiko kunakomfanya amwongoze kipofu na kuchunga kondoo. Lakini siwezi kuusoma utafiti huo bila kukumbuka vikao vingi nilivyohudhuria, ambamo swali gumu likiwekwa mezani, watu kumi wenye shahada hugeuka kutazama uso wa mwenyekiti.

Tahadhari na hitimisho

Hapa lazima nijizuie mwenyewe. Kumfananisha binadamu na mnyama wa kufugwa ni mchezo wenye damu. Konrad Lorenz, niliyemtaja mwanzoni, alijiunga na chama cha Wanazi mwaka 1938, na mwaka 1940 aliandika kwamba binadamu wa mijini anaharibika kama mnyama wa zizini, akataka watu "waharibifu" wachujwe katika jamii. Tunajua utawala ule ulifanya nini na mawazo ya aina hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba watumishi wetu wana jeni za utii, wala kwamba kuna watu waliozaliwa kutawaliwa. Binadamu ana dhamiri, na anaweza kubadilika kati ya kikao cha asubuhi na kile cha jioni.

Ninachosema ni kidogo zaidi, na kinaweza kupimwa. Taasisi nayo huteua. Haihitaji jeni kufanya hivyo. Inahitaji tu barua za kupandisha vyeo na barua za uhamisho. Anayesema ukweli akihamishwa, na anayesifu akipandishwa, baada ya miaka kadhaa meza nzima itakuwa ya wasifuji. Kisha sisi wenyewe tutashangaa uchawa umetoka wapi, kana kwamba ni ugonjwa ulioletwa na upepo. Chawa hawakuletwa na upepo. Walichaguliwa, mmoja mmoja, na watu wenye kalamu.

Fimbo imeshindwa hata katika sera zinazowahusu mbwa wenyewe. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipovamiwa na kichaa cha mbwa mwishoni mwa miaka ya 1990, maelfu kwa maelfu ya mbwa waliuawa, na ugonjwa haukuondoka. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika maeneo yenye ugonjwa, maana ndiyo njia inayokata mnyororo wa maambukizi. Maofisa mifugo wanaosoma ukurasa huu wanalijua hilo kuliko mimi. Mbwa anayesogelea mkono wa mwenyewe anashikika, anachanjwa. Yule aliyezoea mawe ya watoto wa mtaani hukimbia, na pamoja naye hukimbia usalama wa watoto haohao.

Ndugu msomaji, uwe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi, ninakuomba utazame mahali unapofanya kazi kwa macho ya babu yangu kwenye kigoda. Mkono unaonyooshwa una nini ndani yake? Ni nani anayebaki, na ni nani anayeondoka? Ukijibu maswali hayo kwa ukweli utajua taasisi hiyo itakuwa na tabia gani miaka kumi ijayo, hata kama ukutani pamebandikwa kanuni nzuri kiasi gani za maadili.

Nami sina budi kujibu. Siku ile kwenye semina sikupigwa wala kutishwa na mtu. Nilitazama uso wa aliyenialika, nikaona kwamba kicheko ndicho kilichohitajika, nikakitoa. Nimemtumia ofisa yule nakala ya makala haya kabla ya kuyachapisha. Mwaliko mwingine ukija, mada yangu iko tayari.